Kushusha Si Kusahau

Swali la insha hii linaweza kuonekana dogo. Mwanafunzi aliyepanga chumba kwa mwaka mmoja wa masomo, je, ni sawa akipambe? Na akishakipamba, ni sawa abadilishe mapambo hayo kila muhula, au huo ni upuuzi wa mtu asiye na kazi? Wengi watajibu kwamba hilo ni jambo la pesa na nafasi tu: mwenye nacho apambe, asiye nacho alale. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mwezi Mei mwaka jana mwenzangu wa chumbani aliniomba nishushe leso ya bibi yangu iliyokuwa imetundikwa ukutani, nami nikamjibu kwa maneno ambayo hadi leo nayaonea haya. Tangu siku hiyo nimeona kwamba ndani ya swali hili dogo mna swali kubwa zaidi: tuna wajibu gani kwa mahali ambapo si petu, kwa watu tunaokaa nao hapo, na kwa wale tuliowapoteza?

Chumba chetu kilikuwa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, katika ua wa mama mmoja mjane. Kilikuwa cha hatua tano kwa nne. Kuta zake zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo, juu bati, chini saruji iliyopasuka. Mlikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza moja, na dirisha moja lililoelekea upande wa bahari. Mwaka wa masomo nchini Msumbiji huanza karibu na Februari na kumalizika karibu na Novemba, mihula mitatu. Kwa hiyo anayekaa katika chumba kama hiki huuona mwaka mzima ukipita ukutani. Februari mvua bado zinanyesha, ukuta unatoa jasho na karatasi zinabanduka zenyewe. Mei upepo wa kusi umeshaingia, ukuta unakauka na kupasuka mistari mistari. Ikifika Oktoba joto limezidi na vumbi limejaa kila penye mkunjo. Anayesema kwamba chumba kikipambwa mara moja kimeshapambwa, huyo hajakaa nyumba ya udongo.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini nilipanga chumba Palma ilhali mimi ni mzaliwa wa Palma. Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale. Ilikuwa ya bibi, mama yake mama yangu. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilitufikia tarehe 24 Machi 2021, mji wetu uliposhambuliwa. Tulitoka na kile tulichoweza kushika. Bibi alifunga vitu vyake ndani ya leso moja akajitwisha kichwani, na leso hiyo ndiyo iliyofika nasi Pemba, katika ufuko wa Paquitequete, ambako mashua nyingi zilikuwa zikishusha watu waliokimbia kama sisi. Bibi alifariki huko Pemba mwaka uliofuata. Mama amebaki kule na biashara yake ndogo ya samaki wa kukaanga. Mimi nilirudi Palma kumalizia masomo, na siku ya kwanza nilikwenda kuitazama nyumba.

Nyumba haikuwa imechomwa. Sikuona tundu la risasi. Ilikuwa imeanguka yenyewe. Mvua zilikuwa zimeosha udongo, fito zikabaki wazi, mchwa wakala miti, paa likalala chini. Jirani aliyerudi kabla yetu alinieleza kwa maneno machache tu: “Haikuwa na mtu wa kuikandika.” Wakati ule niliyasikia maneno hayo kama habari. Sasa nayasikia kama jibu la swali la insha hii, lakini ilinichukua muda kufika hapo.

Nilipohamia katika chumba cha kupanga, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupigilia misumari minne na kuitundika leso ya bibi juu ya meza, kwenye ukuta mkubwa. Ni leso nyekundu yenye mji mweusi na pindo la korosho, kama zile wanazojifunga akina mama kutoka Lamu hadi kwetu, na ambazo wenzetu wa kusini mwa nchi huziita kapulana. Jina lake limeandikwa chini kwa herufi kubwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilipomaliza nilikaa kitandani nikaitazama, nikaona chumba kimekuwa changu.

Mwenzangu aliingia wiki moja baadaye. Yeye ni Mmakonde kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Nangade, bara, na alikuja na begi la shule na ndoo. Aliitazama leso, akasema ni nzuri, akatandika kitanda chake. Kitanda hicho kilikuwa kinaielekea leso moja kwa moja, kwa hiyo ndicho kitu alichokiona kila alipofumbua macho. Yeye hakutundika kitu chochote. Nilidhani ni mtu asiyependa mapambo.

Muhula wa pili ulipoanza, alirudi na karatasi za rangi, kalenda aliyopewa dukani na kamba moja ya makombe ya pwani. Akaniambia, “Mwenzangu, mvua zimekwisha. Tushushe vyote, tuzibe palipopasuka, tupake chokaa, kisha tupange upya. Na leso nayo tuishushe kidogo.” Nilimwambia, “Wewe huna cha kukumbuka, ndiyo maana unapenda kubadilisha.” Hakunijibu. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji. Kwa siku mbili tuliongea habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

Katika siku hizo mbili nilijitetea kichwani kwa hoja tatu. Nitazitaja zote, maana si hoja za kijinga na naamini wanafunzi wengi wanazo.

Hoja ya kwanza ni kwamba kupamba na kupambua chumba ni anasa. Mji wetu umetoka katika vita. Wapo watu ambao bado hawajapata paa. Je, si aibu mtu kushughulika na karatasi za rangi na makombe? Hoja hii nina haki ya kuizungumza, kwa sababu mimi nimelala chini ya turubai. Na kule nilikolala chini ya turubai, jirani yetu mmoja alikuwa akiamka alfajiri, anafagia mbele ya mlango wake usio na mlango, ananyunyiza maji vumbi litulie, kisha anamwagilia ua alilolipanda ndani ya kopo la mafuta. Hakuna aliyemwambia kwamba anafanya anasa. Sisi watoto tulipenda kupita kwake. Ukipita pale ulisahau kidogo kwamba wewe ni mtu wa foleni ya chakula.

Kwa hiyo umaskini haumwondolei mtu haki ya kupamba. Swali linalofaa ni hili: unapamba kwa macho ya nani? Kuna mwanafunzi anayepamba pembe moja ya chumba, anaipiga picha kwa simu, na nyuma ya mpiga picha kuna vyombo vya juzi. Pambo la namna hiyo halina mwisho, maana kesho mwingine atakuwa na pazia zuri zaidi, na wewe utanunua lingine. Huo ndio ufujaji ambao dini na wazee wametukataza. Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na sidhani kama uzuri huo ni wa matajiri peke yao. Aliyoyataka mwenzangu yalikuwa ndoo chache za udongo, chokaa kidogo, pakiti ya buluu ya kufulia ya kuchanganya na chokaa, na uji wa muhogo wa kubandikia karatasi. Macho aliyoyafikiria yalikuwa manne, mawili yake na mawili yangu. Hoja ya kwanza ilinianguka.

Hoja ya pili ni kwamba chumba si chetu. Hii niliipata kwa mama. Nilipohamia aliniambia kwa simu, “Mwanangu, usiuzoee ukuta wa watu.” Namwelewa. Mama amekaa Pemba miaka na mabegi yake hayajafunguliwa yote, kana kwamba akifungua begi la mwisho atakuwa amekubali kwamba harudi. Na kwa kweli ipo hekima katika kujua kwamba tunapita. Ninaweza kusema maisha yote ni chumba cha kupanga, na nisikosee sana.

Lakini tazama kinachotokea mtu akiishi mahali kama mpita njia tu. Katika ua wetu kulikuwa na chumba kingine kilichokaliwa na wapangaji wa kila muhula. Kila aliyekuja alijisemea kwamba anaondoka karibuni, kwa hiyo hakuziba ufa, hakuondoa buibui, hakuuliza nani atafuata. Mwishowe chumba kilikuwa cha kila mtu na si cha mtu yeyote. Waswahili wana methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kumkumbusha mgeni asizoee kula bure. Mimi naisoma hivi: kuanzia siku ya tatu mgeni hahesabiwi kwa alichonacho, anahesabiwa kwa kazi ya mikono yake. Shamba halijawa lake, lakini jembe ameshika. Vivyo hivyo chumba cha kupanga hakinipi haki ya mwenye nyumba, ila kinanipa sehemu ya kazi yake.

Kutokuwa mwenye mali kunaleta mipaka, hilo nakubali. Huwezi kutoboa ukuta wa mtu bila kumwuliza, na mimi misumari yangu minne niliipigilia bila ruhusa. Tulipokwenda baadaye kumwomba mama mwenye nyumba tukandike upya, alitutazama, akacheka, akasema, “Wanangu, udongo mwema uko nyuma ya choo. Maji mtateka wenyewe.” Na hiyo ndiyo ruhusa pekee tuliyohitaji. Hoja ya pili nayo ilianguka.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo iliyonifanya niseme yale maneno. Niliona kwamba kuishusha leso ni kumshusha bibi. Nikibadilisha ukuta, nimesaliti. Anayekumbuka kweli huacha kitu mahali pake.

Hapo nikalazimika kumkumbuka bibi mwenyewe, si leso yake. Bibi alikuwa na asili ya Kionga, huko juu karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, mahali ambapo Wajerumani walipachukua mwaka 1894, Wareno wakapachukua mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukapahesabu kuwa pa Wareno. Bibi alipenda kusema kwamba kwao bendera zilibadilishwa na wakubwa, lakini kuta zilibadilishwa na wanawake. Kila mwaka mvua zikisha, alikandika nyumba yake. Tulichimba udongo mwekundu, tukauchanganya na nyasi kavu, sisi watoto tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini. Akina mama wa jirani walikuja, kesho yake na sisi tukaenda kwao. Udongo ulirushwa kwa mkono, ukasawazishwa kwa kiganja, na bibi alimalizia kando ya mlango kwa kupitisha vidole vyake vinne kwa mviringo, alama moja juu ya nyingine, kama mawimbi.

Nilizipenda alama zile. Mwaka mmoja, nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, nililia alipozifunika kwa udongo mpya. Akaniambia, “Ukitaka zibaki zilezile, nyumba itaanguka nazo.” Kisha akapitisha vidole vyake upya. Zile za mwaka ule zilikuwa tofauti kidogo, maana alikuwa ameumia kidole kimoja kwa shoka, lakini hakuna jirani aliyepita akasema kwamba ile si nyumba ya bibi.

Wanafalsafa wamelizungumza jambo hili. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anaeleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka wenye hekima wakabishana: je, ni merikebu ileile au ni nyingine? Mvuvi wa Palma angeona ubishi huo ni wa watu wasio na chombo. Dau huvutwa pwani, huondolewa ubao uliooza, hutiwa kalafati kwenye viungo ili lisivuje, hupakwa sifa ya papa, kisha hurudishwa majini kwa jina lake lilelile. Dau ambalo halikuguswa hata ubao mmoja ni lile lililozama.

Nilikumbuka pia kitu ambacho Waislamu wote wanakijua lakini wachache hukifikiria kwa namna hii. Nguo nyeusi inayoifunika Al-Kaaba, iitwayo kiswa, hubadilishwa kila mwaka. Kwa muda mrefu ilibadilishwa katika siku za hija, na tangu 2022 hubadilishwa mwaka wa Kiislamu unapoanza, mwezi wa Muharram. Ile ya zamani hukatwa vipande na kutolewa. Ikiwa hata nyumba hiyo tukufu huvishwa upya, na hakuna anayesema kwamba imesahauliwa, basi kuvua na kuvika si usaliti. Heshima imo katika kuirudia kazi.

Nitakubali pingamizi moja, kwa sababu nilijipa mwenyewe. Udongo ni udongo, ukiisha unachimba mwingine. Leso ya bibi ni moja tu. Kuna vitu ambavyo vikitoka havina mbadala, na mtu anayevibadilisha kama kalenda ana upungufu. Ni kweli. Lakini kutunza kitu na kukiacha mahali pamoja ni mambo mawili, nami niliyachanganya. Jioni ya siku ya pili, mwenzangu akiwa nje, niliinua pembe ya leso ili nijihakikishie kwamba iko salama. Nyuma yake mchwa walikuwa wamejenga njia kutoka chini hadi kwenye msumari. Pindo la upande mmoja lilikuwa limeliwa, na ukungu wa mvua za Februari ulikuwa umeingia katika neno la mwisho. Miezi mitatu nzima nilikuwa nikiitazama kila siku, na sikuwa nimeiona. Ukuta wote ulikuwa unaguswa, unafagiwa na kupanguswa, ila pale nilipopaheshimu. Na pale nilipopaheshimu ndipo palipokuwa panaliwa.

Mwenzangu alipoingia nilimwomba radhi. Sikuwa na maneno mazuri, nilimwonyesha tu pindo. Akakaa kwenye kitanda chake akaniambia, “Kwetu kijiji kilichomwa. Hakikubaki cha kutundika. Sikuwa na haja ya kuitoa leso yako. Nilitaka na mimi nipate mahali.” Kisha akaniuliza yale maandishi yanasemaje, maana Kiswahili alikizungumza tangu utoto lakini darasani alifundishwa kusoma Kireno. Nilimsomea. Alifikiri kidogo, akauliza, “Sasa humu ndani mgeni nani na mwenyeji nani?”

Sikuweza kumjibu, na swali hilo limenifundisha kuliko hoja zangu zote tatu. Mimi ni mzaliwa wa mji huu lakini ninapanga. Yeye ametoka mbali lakini analipa nusu ya kodi. Sote wawili tumefukuzwa. Ila mimi nilikuwa nimejifanya mwenyeji kwa kuuchukua ukuta wote, chini ya nguo inayosema kwamba mgeni ndiye anayemponya mwenyeji. Huzuni yangu ilikuwa ya haki. Kuipa ukuta mzima katika chumba cha watu wawili hakukuwa haki. Hapa naona jambo ambalo halizungumzwi sana tunapozungumza juu ya kumbukumbu: kumbukumbu ina ukubwa, inachukua nafasi, na nafasi hiyo mara nyingi ni ya mtu mwingine ambaye naye ana wafu wake.

Tulikandika Jumamosi iliyofuata. Tuliziba nyufa, tukapaka chokaa iliyotiwa buluu, chumba kikawa na rangi ya asubuhi. Kisha tukakubaliana masharti. Kila mmoja ana ukuta wake juu ya kitanda. Ukuta mkubwa ni wa zamu, muhula mmoja kila mtu. Na muhula ukiisha kila kitu kinashuka, hata kile tunachokipenda, tunasafisha nyuma yake, ndipo tunaamua kipi kirudi. Sharti la mwisho lilikuwa lake, na naona ndilo lililo bora. Kitu kikishuka na kurudi, kimerudi kwa sababu tumekitaka. Kitu kisichoshuka hatujui kama bado tunakitaka au tumekizoea tu.

Wenye nyumba za mawe za zamani nadhani walilijua hili. Katika nyumba za Lamu kuna zidaka, safu za vishubaka vya chokaa ukutani vya kuwekea sahani za kaure na vitu vya thamani. Fundi hakujenga sahani ndani ya ukuta. Alijenga mahali pa kuiweka. Sahani ikivunjika, mjukuu akirithi, bibi harusi akija na zake, kidaka kipo. Chumba chetu hakikuwa na kidaka hata kimoja, lakini ule mpango wa zamu ulikuwa kidaka chetu.

Muhula wa pili ulikuwa wake. Nilidhani atabandika kalenda. Badala yake alichukua boksi la katoni, akalikata, akachora kwa mkaa nyumba ya mama yake: mwembe upande wa kulia, kinu mbele, mlango umefunguliwa nusu. Hakuwa mchoraji mzuri na alikuwa akilijua hilo. Kila siku chache aliongeza kitu alichokikumbuka: banda la kuku, kamba ya kuanikia, jiwe alilokalia babu yake. Muhula ulipokwisha alilishusha mwenyewe, akalikunja, akasema limeshakamilika. Mimi niliyemwambia kwamba hana cha kukumbuka nilisimama pale na ufagio, nikitafuta cha kufagia.

Na leso? Niliifua kwa maji baridi, nikaianika kivulini, nikashona pindo lililoliwa. Neno la mwisho halisomeki vizuri tena. Sikuitundika. Usiku wa kusi Palma una baridi kidogo, nikaanza kujifunika. Najua kwamba kujifunika kutaichakaza kuliko ukuta, na siku moja itapasuka. Lakini bibi hakuinunua iwe picha. Aliifunga kiunoni, aliibebea mtoto, aliifunikia unga, aliibebea mali yake yote siku ile ya Machi. Ikipasuka itakuwa imepasuka kazini, kama yeye.

Sasa naweza kulijibu swali nililoanza nalo. Ni sawa mwanafunzi kukipamba chumba cha kupanga, na ni sawa akibadilishe mwaka unavyobadilika, kwa masharti ambayo mtu yeyote anaweza kuyatimiza: asifuje, asishindane, amwulize mwenye nyumba, na amwachie mwenzake mahali. Nathubutu kusema zaidi. Pale penye ukuta wa udongo, si ruhusa tu, ni wajibu. Kinachoangusha nyumba si moto peke yake. Nyumba ya bibi yangu iliushinda moto ikaanguka kwa kukosa mikono.

Novemba tulipomaliza mitihani, tulishusha vyote kwa mara ya mwisho. Tuling'oa misumari, tukaziba matundu, tukapaka chokaa iliyobaki. Ukuta ulikuwa mtupu na safi. Hatukujua ni nani atakayekuja Februari, wala kama atapenda mapambo. Nyuma ya mlango tulimwachia ndoo ya udongo uliochekechwa, na juu yake fungu la nyasi kavu. Akitaka kuanza, ataongeza maji tu.